Namna ya Kuufuatilia Msimu wa Vipigo wa Timu ya Besiboli Ukiwa Dodoma

Shabiki wa Dodoma aliyezoea majukwaa ya Uwanja wa Jamhuri anaujua msimu mbaya kwa dalili zake: timu ina mechi 30 tu, vipigo vinne mfululizo vinatosha kumng'oa kocha, na mzunguko wa pili ukikaribia mwisho kila mtu anapiga hesabu ya pointi za kukwepa kushuka daraja. Ujuzi huo unamfaa katika Ligi Kuu yetu. Akiupeleka ulivyo kwenye besiboli ya kulipwa ya Marekani utampoteza, kwa kuwa kule kila timu hucheza mechi 162 ndani ya miezi sita, sare karibu hazipo, hakuna kushuka daraja, na mara nyingi kufungwa kwa timu kumekwisha kuamuliwa ofisini kabla mpira wa kwanza haujarushwa. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye, kwa sababu anazozijua mwenyewe, amejikuta ameshikamana na timu inayofungwa karibu kila siku na anataka kuuelewa msimu wake badala ya kuumia tu.

Mfano nitakaoutumia zaidi ni wa Chicago White Sox ya mwaka 2024, iliyoshinda mechi 41 na kufungwa 121. Tangu karne ya 20 ianze, hakuna timu nyingine ya ligi kuu ya besiboli iliyofungwa mara nyingi kiasi hicho katika msimu mmoja. Njia zenyewe, hata hivyo, zinafaa kwa timu yoyote iliyoshika mkia.

Saa na tarehe

Katika miezi yote ya msimu, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, Chicago huwa nyuma yetu kwa saa nane. Mechi ya katikati ya juma inayoanza saa 12:40 jioni kule inaanza saa 8:40 usiku hapa, na kwa kuwa tangu mwaka 2023 warushaji, yaani wachezaji wanaomrushia mpigaji mpira, wanabanwa na saa maalumu ya kurusha, mechi nyingi humalizika baada ya saa mbili na nusu na kidogo, yaani karibu na adhana ya alfajiri. Sishauri mtu mwenye kazi ya kwenda asubuhi akeshe kwa ajili ya timu ya namna hii. Matokeo ya siku za kazi yasome asubuhi katika programu ya ligi kwenye simu, ambayo inaeleza kwa maandishi kila mpira uliorushwa na haimalizi bando, kisha macho yako uyawekee akiba ya Jumapili, ambapo mechi za mchana za Chicago huanza karibu saa 3:10 usiku kwa saa zetu na kuisha kabla ya saa sita. Banda umiza usilitegemee: hakuna mwenye banda, awe Majengo au Chang'ombe, atakayeizima mechi ya Uingereza ili aweke White Sox.

Jambo moja dogo lisikupite. Mechi ya Ijumaa usiku wa Marekani kwako ni ya Jumamosi kabla ya mapambazuko. Kipigo cha 121 cha White Sox, walipofungwa 4–1 mjini Detroit, kimeandikwa tarehe 27 Septemba 2024, ingawa kwa saa za Dodoma ilikuwa tayari tarehe 28. Tumia tarehe ya kule katika kumbukumbu zako zote, la sivyo baada ya mwezi mmoja daftari lako halitalingana na orodha yoyote ya matokeo.

Kuusoma msimamo

Msimamo wa besiboli hauna pointi. Una idadi ya mechi ambazo timu imeshinda, idadi ya mechi ilizofungwa, sehemu ya ushindi inayoandikwa kwa desimali tatu, na safu inayoonyesha timu iko nyuma ya kinara kwa mechi ngapi. Safu hii ya mwisho huwachanganya wageni kwa sababu huwa na nusu ndani yake. Hesabu yake ni hii: chukua ushindi wa kinara utoe ushindi wa timu yako, chukua vipigo vya timu yako utoe vipigo vya kinara, jumlisha majibu mawili, kisha gawanya kwa mbili. Mwaka 2024 kundi la White Sox liliongozwa na Cleveland Guardians walioshinda 92 na kufungwa 69. Tofauti ya ushindi ni 51, tofauti ya vipigo ni 52, jumla 103, na nusu yake ni 51.5. Nusu hiyo imetokea kwa sababu Cleveland walicheza mechi 161, mmoja wa michezo yao ya viporo ukiwa haukuchezwa kabisa.

Ukishaielewa hesabu hiyo, jifunze kipimo cha kawaida cha mchezo wenyewe. Hata timu bora hufungwa sana: Los Angeles Dodgers, mabingwa wa mwaka 2024, walifungwa mara 64 katika msimu wa kawaida, idadi ambayo katika soka ingekula misimu miwili kamili na kubakiza. Hata timu mbovu, kwa upande wake, hushinda mechi 40 na zaidi. Kwa hiyo mgogoro wa klabu hauanzi pale timu inapofungwa mechi nne mfululizo. Timu yenye uwezo wa kushinda mechi moja kati ya nne ina uwezekano wa karibu theluthi moja wa kufungwa mechi nne zozote zinazofuatana, na kwa kuwa ratiba huwakutanisha wapinzani wale wale kwa siku tatu au nne, kumalizwa mechi zote na mgeni mmoja ni jambo la kila mwezi. Vipigo 21 mfululizo, kama vile vya White Sox kuanzia Julai hadi walipoifunga Oakland 5–1 tarehe 6 Agosti, ni habari nyingine kabisa: kwa timu ya uwezo huohuo, uwezekano wa mfululizo kama huo kuanzia siku fulani ni kama mara mbili tu kati ya elfu moja. Hapo una haki ya kushtuka.

Daftari

Nunua daftari la kawaida la mistari, au tumia jedwali la kwenye simu ukipenda, ingawa mimi naona kalamu inamlazimisha mtu kutulia. Kila mechi ipewe mstari mmoja wenye tarehe, mpinzani, mikimbio iliyopatikana (mkimbio ndio bao la besiboli), mikimbio iliyoruhusiwa, jina la mrushaji aliyeanza, na awamu ambayo mechi ilipotea. Safu ya mwisho ndiyo watu wengi huiacha, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Mechi ina awamu tisa, na katika kila awamu kila timu hupata zamu ya kupiga. Timu inayopotea katika awamu ya pili ina tatizo la warushaji wanaoanza, na ile inayoongoza hadi awamu ya saba kisha ikapinduliwa ina tatizo la warushaji wa akiba. Tiba za magonjwa hayo mawili hazifanani, wala bei zake.

Katika mstari wa matokeo utaziona herufi R, H na E. Ya kwanza ni mikimbio, ya pili ni mapigo yaliyomfikisha mpigaji salama, ya tatu ni makosa ya walinzi. Herufi ya tatu isikuhadae: mlinzi mzito asiyeufikia mpira kabisa haandikiwi kosa, kwa hiyo ulinzi mbovu unaweza kukaa msimu mzima ukionyesha sifuri za kupendeza.

Tuchukue juma moja la kubuni. Jumanne timu yako imefungwa 3–2, Jumatano 9–1, Alhamisi 5–4, Ijumaa imeshinda 8–2, Jumamosi imefungwa 7–0, Jumapili 4–3. Ushindi mmoja, vipigo vitano, na kijiweni utasikia kwamba timu imekufa. Ukiangalia kwa makini, vipigo vitatu kati ya vitano ni vya mkimbio mmoja mmoja, na ukiziweka pembeni Jumatano na Jumamosi, mechi nne zilizobaki zimeipa timu mikimbio 17 na kuigharimu 14. Yaani katika siku nne timu ilikuwa sawa na wapinzani wake au juu yao, ikaambulia ushindi mmoja. Siku mbili nyingine ilisambaratika. Swali la kufuatilia juma linalofuata linajulikana: nani alirusha Jumatano na Jumamosi, na je, zamu yake itarudi lini?

Tofauti ya mikimbio

Hiki ndicho kipimo cha kukaa nacho kuliko vyote, na mtu wa soka atakizoea upesi kwa sababu ni ndugu wa tofauti ya mabao. Kazi yake hapa ni kubwa zaidi. Kwenye soka tofauti ya mabao huamua nafasi pale pointi zinapolingana. Kwenye besiboli haiamui nafasi ya mtu yeyote, bali inatabiri. Bill James, mchambuzi maarufu wa takwimu za mchezo huu, alitoa kanuni inayofanya kazi vizuri mno kwa urahisi wake: zidisha mikimbio iliyopatikana kwa yenyewe, zidisha iliyoruhusiwa kwa yenyewe, kisha gawanya jibu la kwanza kwa jumla ya majibu yote mawili. Unachopata ni sehemu ya mechi ambazo timu ilistahili kushinda.

White Sox ya 2024 ilipata mikimbio 507 na kuruhusu 813. Kipeo cha pili cha 507 ni 257,049. Cha 813 ni 660,969. Jumla ni 918,018. Ukigawanya unapata 0.28, na ukizidisha kwa mechi 162 unapata ushindi kama 45. Walishinda 41. Bahati mbaya basi iliwanyang'anya mechi nne hivi, si zaidi, na yeyote anayedai kwamba timu ile ilionewa na bahati ajibiwe kwa hesabu hiyo. Ukitaka ulinganisho, ichukue Colorado Rockies ya 2025, iliyoshinda 43 na kufungwa 119, ikipata mikimbio 597 na kuruhusu 1,021. Kanuni ileile inaipa ushindi 41. Kwenye msimamo Colorado waliwazidi White Sox kwa mechi mbili, ila kwa uwezo uliodhihirika uwanjani nadhani walikuwa dhaifu zaidi, na tofauti yao ya mikimbio 424 ndiyo kubwa kuliko ya timu yoyote ya zama hizi.

Ukisoma takwimu za Colorado kumbuka pia mahali wanapocheza. Denver iko mita kama 1,600 juu ya usawa wa bahari, na sisi wa Dodoma, tuliopita kidogo mita 1,100, tunaweza kuielewa hali hiyo kuliko mtu wa Tanga. Hewa nyepesi huuacha mpira uliopigwa uende mbali zaidi na humpunguzia mrushaji uwezo wa kuukunja. Timu zote mbili zinazokutana pale hupata mikimbio mingi, hivyo idadi kubwa ya mikimbio iliyoruhusiwa nyumbani isichukuliwe moja kwa moja kuwa ushahidi wa warushaji wabovu. Tenganisha kurasa za nyumbani na za ugenini.

Mchezaji mzuri katika timu mbaya

Kila mrushaji huandikiwa ushindi na vipigo vyake binafsi, na katika timu iliyo mkiani takwimu hiyo ni ya kupuuzwa. Garrett Crochet wa White Sox alimaliza 2024 akiwa na ushindi 6 na vipigo 12. Ukiishia hapo utamwona mzigo. Lakini alirusha awamu 146, akawatoa wapigaji 209 kwa kuwamalizia nafasi zao tatu za kupiga, akachaguliwa katika kikosi cha nyota wa ligi, na wastani wake wa mikimbio aliyostahili kulaumiwa ulikuwa 3.58 kwa kila awamu tisa. Wastani huo unaweza kuukokotoa mwenyewe: mikimbio 58 zidisha kwa tisa, gawanya kwa 146. Vipigo vyake vingi vilitokana na wapigaji wenzake kushindwa kumpa mikimbio ya kutetea.

Kwa hiyo katika msimu wa vipigo chagua wachezaji wawili au watatu uwafuatilie kwa jina, na angalau mmoja awe mrushaji anayeanza, kwa kuwa zamu yake hurudi kila baada ya siku tano hivi na inakupa ratiba. Wiki zenye vipigo saba huwa na siku moja ya kutazamiwa.

Kufuata mkono wa ofisi

Sehemu hii ndiyo inayomtatiza zaidi mtu wa huku, kwani kwetu hakuna kiongozi wa klabu anayeweza kusimama mbele ya wanachama na kusema msimu huu tutafungwa kwa mpango. Tishio la kushuka daraja halimruhusu. Marekani tishio hilo halipo, mapato ya televisheni hugawanywa kwa timu zote, na kwa miaka mingi timu iliyomaliza ya mwisho ilipewa nafasi ya kwanza kuchagua chipukizi. Mmiliki mwenye hesabu baridi angeweza kuuza kila mchezaji ghali, akalipa mishahara midogo, akafungwa, na kusubiri.

Houston Astros walipita njia hiyo. Walifungwa mechi 106 mwaka 2011, 107 mwaka 2012 na 111 mwaka 2013, kisha wakatwaa ubingwa mwaka 2017, ubingwa ambao baadaye ligi ilithibitisha kuwa ulichafuliwa na wizi, kwa kutumia kamera, wa ishara za siri ambazo wapinzani hupeana uwanjani. Watetezi wa njia hiyo husahau kutaja sehemu ya bahati nasibu iliyomo. Chaguo la kwanza la 2012, Carlos Correa, alikuwa nguzo ya mabingwa. Chaguo la kwanza la 2013, Mark Appel, hakuichezea Houston mechi hata moja ya ligi kuu. Wa 2014, Brady Aiken, hakusaini kabisa. Baltimore Orioles nao walifungwa 115 mwaka 2018 na 110 mwaka 2021, kisha mwaka 2023 wakashinda 101.

Ligi ilipoona mtindo unaenea ilibadili kanuni. Tangu makubaliano ya 2022 nafasi sita za kwanza huamuliwa kwa droo, na timu haiwezi kuzipata mfululizo bila kikomo. White Sox ndio waliong'atwa vibaya na kanuni hiyo: pamoja na vipigo vyao 121, hawakuruhusiwa kupata nafasi ya juu kuliko ya kumi katika uchaguzi wa chipukizi wa 2025. Kwa hiyo kabla hujajifariji kwamba kufungwa kwa timu yako kuna faida, soma kwanza kama imeruhusiwa kuingia kwenye droo.

Ofisi huifuatilii kwa kusikiliza hotuba za viongozi wake. Unaifuatilia kwa tarehe mbili. Ya kwanza ni mwisho wa Julai, dirisha la kubadilishana wachezaji linapofungwa. Siku moja kabla ya dirisha la 2024, White Sox waliwatoa Erick Fedde, Tommy Pham na Michael Kopech katika mabadilishano ya timu tatu. Kopech akaenda Dodgers na miezi mitatu baadaye alikuwa bingwa. Ukiona wazoefu wanaondoka na wanaoingia ni vijana, jua kwamba Agosti na Septemba zimetolewa sadaka, na mategemeo yako uyarekebishe siku ileile. Ya pili ni Desemba, ambapo mabadilishano makubwa hufanyika bila kelele za mechi.

Kuna ukatili wa zamani unaofaa kukumbukwa hapa. Cleveland Spiders walimaliza mwaka 1899 na ushindi 20 na vipigo 134. Wamiliki wao walikuwa na timu nyingine St. Louis, wakahamishia huko wachezaji wote wazuri, akiwemo mrushaji Cy Young. Watazamaji wa Cleveland walipogoma kuja, timu ikapelekwa kucheza ugenini karibu muda wote uliosalia, na huko ilifungwa mara 101. Klabu ikafutwa.

Kocha, na rekodi

Juu ya kocha sitakawia. Pedro Grifol wa White Sox alitimuliwa tarehe 8 Agosti 2024 akiwa na ushindi 28 na vipigo 89. Grady Sizemore aliyekaimu akapata ushindi 13 na vipigo 32. Kiwango kilipanda kutoka .239 hadi .289, yaani ushindi mmoja wa ziada katika kila mechi 20. Colorado walimfukuza Bud Black mwaka 2025 siku ileile aliyoshinda, ikiwa ni siku moja baada ya kufungwa 21–0. Ghadhabu zako zielekeze kwingine.

Rekodi zinahitaji uangalifu zaidi. Septemba ikifika utasikia timu fulani inaelekea kuwa mbovu kuliko zote, na lazima uulize, kwa hesabu ipi? New York Mets ya 1962 ilifungwa 120 na kushinda 40, kiwango cha .250. White Sox walifungwa mechi moja zaidi, lakini walicheza zaidi pia, na kiwango chao ni .253. Philadelphia Athletics ya 1916 ilikuwa .235, nyuma ya wote wawili. Detroit Tigers ya 2003, iliyoshinda 43, ilinusurika kuifikia Mets kwa kushinda mechi tano kati ya sita za mwisho, na miaka mitatu baadaye ilikuwa fainalini. Siku hizo za mwisho zinastahili kukesha, hata kwa mtu mwenye kazi asubuhi.

Baada ya mechi ya 162

Usilifunge daftari. Ukurasa wa nyuma andika majina ya wachezaji wote walioingia kwa mabadilishano ya Julai na yatakayofuata Desemba, na mbele ya kila jina umri wake na timu ndogo ya kukuzia vijana aliyopelekwa. Desemba 2024 White Sox walimpeleka Crochet Boston na kupokea vijana wanne. Wawili kati yao, Chase Meidroth na Kyle Teel, ambaye ni mdakaji wa mipira ya mrushaji, walikuwa wameshaingia kikosi cha kwanza Chicago kabla ya katikati ya 2025, katika msimu ambao timu ilishinda mechi 60 na kufungwa 102. Yapitie majina hayo kila mwisho wa mwezi kuanzia Aprili, na uweke alama kwa kila aliyepandishwa.